Chupa za Nyuma ya Friji

Wenzangu wa maabara, mliponiaga nilipostaafu mliniomba niwaandikie namna ya kushughulikia dawa inayotoa unga baada ya kukaa kwenye friji. Nadhani mlitaka ukurasa mmoja wa kubandika ukutani. Ukurasa huo ninao, na nitaufikia, lakini kuna mtu ndani yake, na siwezi kumtoa ili habari ipate kuwa fupi. Vyeo na mishahara sitaviandika. Vya kwangu havijazi hata aya moja, na sababu yake mtaiona.

Nilifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwaka 1996 kutoka milima ya juu ya Kivu Kusini, na mke wangu, mtoto wetu Eliya, na cheti cha maabara kilicholowa mvua hadi muhuri ukawa doa. Kwetu tulikuwa wafugaji. Baba hakuelewa kamwe kwa nini mwanawe aende kuchungulia mikojo ya watu wakati ng'ombe wapo. Alipofariki ng'ombe hawakuwepo tena, na mikojo ndiyo ilikuwa inatulisha.

Shirika lililoendesha kituo cha afya liliniuliza kama naweza kusoma malaria kwenye hadubini. Nikasema naweza. Hawakubishana nami, lakini walinipeleka Mbarara miezi mitatu wapate uhakika.

Huko niliwekwa chini ya Mzee Byaruhanga, fundi wa maabara mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na Kiswahili alichookota jeshini. Siku ya kwanza alinipa chupa ya maji ya damu, yaani seramu, iliyoganda barafu, akaniambia niiyeyushe. Nilitaka kumwonyesha kwamba mimi ni mwepesi. Niliitumbukiza kwenye maji ya moto, nikaitingisha kwa nguvu zangu zote. Ilijaa povu, na povu lilipotulia, chini kulikuwa na vipande vyeupe vinavyoelea. Mzee aliiinua dirishani akaitazama kwa muda mrefu.

"Umepika," alisema. "Hii sasa ni chai ya maziwa. Kunywa."

Sikujua kama anatania. Alinipa chupa nyingine, akaniamuru niiache mezani iyeyuke yenyewe, kisha akanionyesha kuichanganya. "Hapana tingisha. Pindua tu, pole pole, kama unapindua mutoto nalala."

Aliyonifundisha wiki ile nimeishi nayo miaka yote. Ndani ya maji ya damu, na ndani ya dawa nyingi tunazopimia, kuna protini, nazo ndizo zinazofanya kazi. Baridi peke yake haiziui. Barafu ndiyo inayoziua. Maji yakiganda hujitenga, protini zinabaki zimesongamana penye maji machache yenye chumvi nyingi, zinashikana, na barafu ikiyeyuka hazikumbuki tena kuachana. Maziwa yaliyoganda barafu yakayeyuka mmeyaona, yanavyokatika. Kwa hiyo mtu akitoa chupa kwenye friji akaona ukungu, asiogope. Aishike kiganjani dakika kumi. Ukungu ukiondoka, dawa ni nzima. Ukibaki unga au vipande, dawa imekufa, na asijaribu kumimina yale maji safi ya juu akayatumia. Kilichoanguka chini ndicho alichokuwa anakihitaji.

Nilirudi Nakivale na maneno hayo. Maabara yetu ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, hadubini moja, na friji ndogo ya gesi iliyonung'unika mchana kutwa. Kazi yetu kubwa ilikuwa malaria na minyoo. Lakini tulipima pia makundi ya damu, ya akina mama wajawazito na ya ndugu waliokuwa tayari kutoa damu kwa mgonjwa anayepelekwa Mbarara. Mnaijua kazi hiyo: tone la dawa ya buluu, tone la damu, unakoroga. Damu ikishikana madonge, mtu ni A. Dawa ya njano inaonyesha B. Zote mbili zikikataa, ni O.

Dawa hizo zilitoka Mbarara kwenye boksi la barafu, gari likipita Masha na Kabingo katika vumbi, na kila zilipofika nilizipokea kwa mikono miwili. Hatukuwa na kitu chenye thamani kuzidi hizo. Niliziweka ndani kabisa ya friji, nyuma, zigusane na ukuta.

Hapo naomba mnielewe. Katika nyumba ya mama yangu, vibuyu vya maziwa vilikaa kwenye jukwaa dogo tuliloliita uruhimbi, ndani kabisa, upande ambao mgeni hafiki. Kilicho bora hukaa ndani. Hakikai mlangoni penye macho ya watu, na mkono wa nje haukigusi. Sikuwahi kuamua kufanya vivyo hivyo kwenye friji. Mkono wangu uliamua, nami sikuuliza.

Mwaka wa tisa wa kazi yangu aliletwa msaidizi, mama mmoja wa Fizi, hukohuko Kivu Kusini, ambaye mtoto wake wa kwanza aliitwa Asifiwe, kwa hiyo naye tukamwita Mama Asifiwe. Watu wake walikuwa wakulima. Kwetu, watu wa ng'ombe na watu wa shamba walikuwa wamekimbizana kwa miaka, na wote tukaishia kukimbilia sehemu moja. Kanisani tulikaa benchi moja na kuimba vizuri. Mioyoni kila mtu alikuwa na akiba yake ya kinyongo, na yangu nilidhani imekwisha.

Alikuja kufagia na kuosha vioo, lakini kabla ya vita alikuwa amehudumu zahanati, na baada ya miezi sita alikuwa anatambua vimelea vya malaria haraka kuliko mimi. Kila Jumatatu tulizijaribu dawa za makundi kwa damu tunayoijua. Mimi ni B, yeye ni A. Nilimdunga kidole, naye akanidunga changu, tukaangalia kama dawa bado zinatutambua. Nilimwahidi kwamba mwaka huo nitamwandikia barua ya kwenda kozi ya wasaidizi wa maabara Mbarara. Bila barua ya mkuu wa maabara hawakumpokea mtu, na yeye alikuwa na umri ambao kozi ile isingemngojea sana. Aliisubiri barua hiyo bila kuitaja, na ndiyo maana nilijua anaisubiri.

Kisha kiangazi kilifika, na dawa ya buluu ikaanza kutoa unga.

Jumatatu moja ilikataa kushika damu ya Mama Asifiwe. Tulirudia mara tatu. Niliinua chupa kwenye mwanga nikaviona vile vipande vya Mzee Byaruhanga. Nilitupa chupa, nikafungua nyingine. Wiki iliyofuata nayo ilikuwa hivyohivyo. Katikati ya wiki, kabla hatujajua, tulikuwa tumeshaandika makundi ya watu. Hospitali ya Mbarara ikaturudishia karatasi yenye wino mwekundu: ndugu tuliyemwandika O alikuwa A, na dada yake aliyekuwa akingojea damu ndiye O. Huko hupima tena kila mtu, kwa hiyo walimzuia. Wasingerudia, mwanamke yule angekufa kwa maandishi yangu. Nilisoma karatasi ile nimesimama.

Nilianza kutafuta kosa kwa utaratibu. Nilikuwa na daftari la jalada gumu, na humo niliandika kila kitu. Namba za chupa. Siku zilipofika na hali ya barafu ndani ya boksi. Siku tuliyobadili mtungi wa gesi. Kipimajoto cha friji nilikisoma asubuhi na jioni, na daima kilisema tano, jambo zuri kabisa. Niliwalaumu waliotengeneza dawa, kisha dereva, kisha barabara ya Masha. Niliomba chupa za kundi jingine, nazo zikaharibika.

Kitu kimoja kilijirudia. Jioni nilipofunga niliziacha chupa nyuma, mahali pake. Saa tatu asubuhi nilipozihitaji nilizikuta mbele, karibu na mlango, na unga ndani. Aliyefungua maabara saa moja kufanya usafi alikuwa mmoja tu.

Alikuwa amenieleza, tena mara mbili. Mapema kabisa, wiki ya kwanza ya kiangazi, alisimama na kitambaa mkononi akasema, "Papa Eliya, kule nyuma ya frigo iko baridi mingi. Hizi chupa hazipendi kule. Tuziweke mbele."

"Mama Asifiwe, kila kintu kiko na fasi yake," nilimjibu. "Fasi ya hizi ni ndani."

"Sawa, papa."

Sasa, nilipozikuta mbele, nilikasirika kuliko inavyostahili chupa. Nilijiambia ni hasira ya fundi. Haikuwa hivyo. Ilikuwa hasira ya mtu aliyekuta mkono wa mtu wa shamba kwenye vibuyu vya mama yake, na naiandika hapa kwa sababu sikuwahi kuisema.

Mkubwa wetu, Bwana Tumwesigye, alikuja kutoka ofisi ya shirika iliyoko Kamukuzi, mjini Mbarara, na ile karatasi ya wino mwekundu mfukoni. Alikuwa mtu wa haki na mwenye haraka, na haraka ndiyo iliyokuwa inashinda siku nyingi. Alituita sote wawili.

"Mimi nataka jua," alisema, "nani nagusa hii dawa asubuhi."

"Ni mie, bwana," alisema Mama Asifiwe. "Nazikuta zilishaganda kama mawe. Nazileta mbele ziyeyuke."

Bwana Tumwesigye alinigeukia, akiniita bwana kwa lugha ya kwao. "Ssebo, friji iko baridi ngapi?"

"Tano," nikasema. "Asubuhi na jioni. Iko kwa daftari."

Ilikuwa kweli tupu. Kipimajoto kilining'inia mbele, kando ya mlango, ili nisisumbuke kuingiza mkono. Mama Asifiwe alinitazama, akangoja niongeze neno. Sikuongeza.

"Na ile barua ya masomo yake?"

"Tungoje kwanza," nikasema.

Akaachishwa kazi siku ileile. Alikunja aproni yake, akaweka ufunguo juu, akaaga kwa heshima kama mtu anayetoka msibani. Siku ya mwisho ya kupeleka barua Mbarara ilikuwa imebakiza majuma mawili.

Kesho yake ilinibidi kufanya usafi mwenyewe. Nilifungua saa moja, nikafagia vibaya, nikafungua friji kufuta rafu. Chupa ya buluu ilikuwa pale nilipoiacha, nyuma, nayo haikutoka. Nilivuta hadi ikabanduka ukutani na sauti ndogo. Dawa ndani yake ilikuwa jiwe la buluu. Nilikaa kwenye stuli na chupa ile mkononi.

Kisha nilihamisha kipimajoto nikakilaza nyuma. Fundi hapokei jibu la asubuhi moja, na mimi nilikuwa natumaini kwamba asubuhi zinazofuata zitaniokoa. Nilipima siku tatu. Zote zilisema chini ya sifuri. Usiku wa kiangazi Nakivale una baridi, moto wa gesi ulikuwa mkali mno kwa hewa hiyo, na ukuta wa nyuma ulikuwa unatengeneza barafu wakati sisi wote tumelala. Kufika saa tatu yote yalikuwa yameyeyuka, na ushahidi uliobaki ulikuwa unga, na chupa mahali ambapo Mama Asifiwe alizisogeza akijaribu kuziokoa.

Nilifungua daftari langu. Kulikuwa na siku ambazo dawa haikuharibika, na nilikuwa nimeziandika vizuri bila kuzielewa. Zote zilikuwa siku nilizokwenda Mbarara kuchukua vifaa. Jioni za siku hizo alifunga yeye, na chupa akaziweka mbele.

Kitu kilichokuwa kinaharibu dawa za Nakivale kilikuwa mkono wangu. Nimewahi kukosea mara nyingi katika kazi hii, lakini mara nyingine zote nilikosea kwa kutojua. Safari hii nilikuwa nimeambiwa.

Jumamosi nilikwenda kwake na boksi dogo la barafu. Ndani niliweka chupa mbili za buluu zilizofika siku moja. Moja ilikuwa imelala mbele kwa siku tatu, nyingine nyuma. Nilimkuta akipalilia maharage nyuma ya nyumba. Alinawa mikono, akanipa stuli ya pekee aliyokuwa nayo, yeye akaketi juu ya debe.

"Karibu, Papa Eliya. Bote bazima kwako?"

"Bazima. Mama Asifiwe, naomba kidole."

Hakuuliza. Alikinyoosha kama siku zote za Jumatatu. Nilimdunga, nikaweka damu yake penye matone mawili juu ya kioo, nikakoroga kwa njiti za kiberiti, moja kila upande. Upande wa chupa ya mbele ulishika mara moja, madonge mekundu ambayo hata mtu asiye fundi angeyaona. Upande wa chupa ya nyuma ulibaki laini kama uji mwembamba. Alikichukua kioo, akakiinamisha huku na huku alivyozoea.

"Hii ya nyuma inasema mie ni O," alisema.

"Ndiyo."

"Nilikuambia mara mbili."

"Mara mbili."

"Uliandika?"

Katika daftari lile niliandika hata siku panya alipokula kamba ya pazia. "Hapana," nikasema. "Sikuandika."

Alitikisa kichwa taratibu. Nilitoa barua niliyokuwa nimeshaiandaa, ya kozi, na nakala yake ya Kamukuzi, nikamwambia pia kwamba nitamwombea arudishiwe kazi yake. Barua ilimsifu sana. Ilisema ni mtu wa bidii, msafi, mwaminifu. Aliisoma yote bila haraka.

"Ni barua muzuri," alisema. "Lakini haisemi juu ya nini nilifukuzwa. Batasema Papa Eliya ni mutu wa huruma. Sitaki huruma yako. Andika yenye ilitokea."

"Hii nakala inaenda Kamukuzi."

"Ndiyo kule nilifukuziwa."

Ningependa kuwaambia kwamba niliandika papo hapo. Sikuandika papo hapo. Nilifikiria Bwana Tumwesigye akisoma, na watoto wangu watano, na fundi mwingine yeyote ambaye angependa nafasi yangu. Yeye alirudi kwenye maharage, akapalilia mstari mmoja mzima akiniachia nafasi. Aliporudi, nilikuwa nimeweka karatasi juu ya daftari, na daftari juu ya goti.

Niliandika kwamba dawa ziliharibika kwa kugandishwa kwenye ukuta wa friji. Kwamba niliyeziweka huko ni mimi. Kwamba msaidizi wangu aliligundua kosa kabla yangu, akaniambia, nami sikumsikiliza, na kwamba mbele ya mkubwa nilisoma kipimajoto kilichokuwa mahali pasipofaa nikanyamaza juu ya mengine. Niliandika mara mbili, karatasi mbili, nikazitia sahihi. Alizisoma zote mbili neno kwa neno. Kidole kilikuwa bado kinatoka damu kidogo, na nakala ya Kamukuzi ikapata doa kwenye kona. Nilitaka kuiandika upya.

"Acha," alisema. "Iende vile."

Bwana Tumwesigye aliniita baada ya siku chache. Alikuwa ameisoma, maana ilikuwa wazi mezani. "Ssebo, hii karatasi nakaa kwa faili yako," alisema. "Mimi siwezi kuitoa."

"Ikae," nikasema.

Ikakaa. Kila walipotafuta mtu wa kumpandisha cheo, walifungua faili langu, wakalifunga. Mama Asifiwe alipokelewa kozi siku mbili kabla ya mlango kufungwa, akamaliza, na kwa miaka mingi sasa yuko kwenye maabara ya kliniki moja Kabingo. Tukikutana bado ananiita Papa Eliya, na huniuliza friji ikoje kabla ya kuniuliza mke wangu yukoje. Hatujawa marafiki. Tunaheshimiana, na kwa watu wa kwetu hilo si jambo dogo.

Sasa ukurasa wenu wa ukutani. Kipimajoto kikae nyuma, penye baridi kali, si mlangoni penye urahisi. Chupa zikae rafu ya katikati, zisiguse ukuta wala barafu ya boksi. Kiangazi punguzeni moto wa gesi. Dawa ikifika andikeni siku, na kila Jumatatu muijaribu kwa damu ya mtu mnayemjua, mkiwa na A na B chumbani. Mkiona unga, msitingishe, msichuje, msimimine ya juu. Tupeni, kisha tafuteni barafu ilipotokea. Na katika daftari acheni nafasi pana ya maneno ya yule anayefungua mlango asubuhi, hata kama kazi yake ni kufagia, nanyi muandike alivyosema, kwa maneno yake.

Nilistaafu mwaka 2015. Kamukuzi waliniita kuhakiki tarehe zangu, na kijana mmoja wa ofisi, mpole sana, akaniletea faili. Lilikuwa jembamba. Juu kabisa palikuwa na karatasi yenye mwandiko uliopinda, kwa sababu goti si meza, na kwenye kona doa la rangi ya kahawia. Kijana aliona ninalitazama, akaniomba radhi, akasema atatafuta namna ya kuondoa huo uchafu.

Nikamwambia si uchafu. Ni kundi A, nilipima mwenyewe.